Kwenda Nchi ya Kigeni Kujitolea Kukarabati Nyumba Baada ya Vita

Nyumba iliyopitiwa na vita si lazima iwe imebomoka yote. Mara nyingi kuta zimebaki zimesimama, ila paa limetobolewa na vipande vya kombora, vioo vyote vimemwagika kwa kishindo cha mlipuko uliotokea nyumba ya tatu, fremu ya mlango imepinda hata mlango haufungi, na ndani yake anaishi bibi kizee ambaye wanawe wamekimbia au wamekufa, naye hana nguvu za kupanda ngazi wala fedha za kumwita fundi. Hapo ndipo mjitoleaji kutoka nchi nyingine anapoweza kufaa. Lakini kufaa huko kuna mpaka, na ni vyema kuutaja mapema: kazi ya mgeni ni kuifunga nyumba isivuje, isipitishe upepo na ifungike kwa ufunguo, kisha kuimaliza kabisa kabla hajaigusa ya jirani. Kuujenga upya mji mzima ni kazi ya miaka mingi, ya wenye mji, serikali yao na mafundi wao. Mgeni aliyekuja kwa wiki 3 akaanza nyumba 5 huacha nyuma yake nyumba 5 zisizo na paa.

Kabla ya kuamua kwenda

Desturi ya kuvuka mipaka kwa ajili ya kazi hii ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wakweka (Quakers) wa Marekani, yaani Wakristo wa dhehebu linalopinga vita, waliunda shirika lao la huduma na kupeleka vijana Ufaransa, ambako pamoja na wenzao wa Uingereza walijenga nyumba za mbao kwa ajili ya wanavijiji waliorudi na kukuta magofu. Mwaka 1920, Mswisi Pierre Cérésole alikusanya wajitoleaji wa mataifa kadhaa katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun huko huko Ufaransa, na miongoni mwao walikuwamo Wajerumani, ambao miaka 2 tu kabla ya hapo walikuwa adui. Walijenga vibanda na kufukia mashimo ya mizinga mashambani, lakini baada ya miezi kadhaa kazi ilisimama kwa sababu uwepo wa Wajerumani haukukubalika mahali pale. Kutokana na jaribio lile lilizaliwa shirika la Service Civil International, ambalo lipo hadi leo. Nalitaja tukio la Esnes kwa sababu wengi tunaopenda kujitolea hudhani kwamba nia njema inatosha kufungua mlango, ilhali ruhusa ya kuwa pale hutolewa na waliofiwa na waliobomolewa, nao wana haki ya kuikataa nia yako hata kama ni safi.

Swali la pili la kujiuliza ni gumu zaidi, nalo linahusu fedha. Nauli yako ya ndege, bima, chakula na malazi yako vingeweza kumlipa fundi mwenyeji kwa muda gani? Vita vinapokwisha, mafundi wengi hawana kazi, na mshahara unaoingia katika kaya ya mwashi ni ukarabati pia. Kama huna ujuzi wowote wa ujenzi na unakwenda kwa siku 10, huenda fedha zako zikafaa zaidi kuliko mikono yako. Kama una ufundi wa umeme, mabomba, useremala au kupaua, au kama unaweza kukaa miezi 2 au 3 na kufanya kazi ngumu isiyo na sifa, kama vile kuzoa kifusi, kuchekecha mchanga na kusafisha matofali, mizani hubadilika. Katika uzoefu wangu, mtu anayeweza kuzoa kifusi kutwa nzima bila kunung'unika hutafutwa sana kuliko yule anayejua kidogo kidogo ya kila kitu.

Ukishaamua, tafuta shirika ambalo tayari linafanya kazi na mamlaka za mahali hapo, na ulihoji bila haya. Uliza nani huchagua nyumba za kukarabatiwa na kwa vigezo gani. Nani husimamia ufundi. Kama ada unayotozwa inanunua vifaa au inalipa ofisi. Na kama shirika lina kanuni za mwenendo zinazokataza kabisa kubadilishana msaada kwa ngono, jambo ambalo Umoja wa Mataifa uliliwekea katazo rasmi kwa watumishi wake mwaka 2003. Uliza pia kilichozipata nyumba walizokarabati mwaka uliopita. Shirika linaloweza kujibu swali hilo kwa undani, pamoja na makosa yake, ndilo la kuaminiwa.

Kuhusu karatasi sitakaa sana. Viza ya utalii katika nchi nyingi hairuhusu kazi, na kujitolea mara nyingine huhesabiwa kuwa kazi, hivyo pata jibu la maandishi kutoka ubalozini. Bima nyingi za kawaida za safari hazilipi madhara yatokanayo na vita wala kazi za kupanda juu. Soma sehemu ya yasiyolipiwa kabla ya kusoma sehemu nyingine yoyote. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitisha miaka 10, kwa kuwa utakanyaga misumari yenye kutu, na umuulize daktari kuhusu homa ya ini.

Kitu usichokiweka wewe usikiokote

Hatari kubwa zaidi katika kazi hii ni kilichobaki ardhini na ndani ya nyumba. Huko Ufaransa, wakulima wa maeneo yaliyopiganiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia bado wanafukua makombora kwa majembe ya trekta zao, zaidi ya karne moja baadaye. Mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini dhidi ya watu ulitiwa saini Ottawa mwaka 1997 na kuanza kutumika mwaka 1999, lakini si nchi zote zilizojiunga, na karatasi haitegui bomu. Liko bomu dogo la plastiki la muundo wa Kisovyeti, lenye umbo la bawa, linalotoshea kiganjani na kufanana na kitu cha kuchezea. Likidondoka kwenye majani ni shida kuliona.

Kwa hiyo usiingie katika nyumba wala ua ambao wataalamu wa kutegua mabomu hawajaukagua na kuuruhusu, hata kama mwenye nyumba anakuambia kwamba amekwisha kupita pale mara nyingi. Askari wanaoondoka huweza kuacha mitego mlangoni, kwenye droo, chini ya godoro au ndani ya jokofu. Hudhuria mafunzo ya hatari za milipuko kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na kama shirika lako halitoi mafunzo hayo, hiyo ni sababu tosha ya kuliacha. Jifunze alama za eneo husika: katika alama zilizozoeleka kimataifa, upande mwekundu wa nguzo au jiwe ndio wenye hatari na upande mweupe ndio salama, lakini wenyeji huweka pia alama zao, kama tawi lililovunjwa, kopo lililotundikwa au kamba iliyofungwa kwenye mti. Ukiona kitu usichokijua, simama, usikiguse, waonye wenzako, rudi kwa njia ileile uliyojia, kisha utoe taarifa. Kifusi nacho kina hila yake: rundo lililokaguliwa kwa juu halijakaguliwa ndani, na ndiyo maana mtu wa koleo lazima awe na mahali pa kupiga simu na amri ya kusimamisha kazi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kuisoma nyumba

Uamuzi wa kwamba nyumba inakarabatika au la ni wa mhandisi, si wa mjitoleaji. Hata hivyo ni vyema ujue anachokitazama, kwa sababu wewe ndiye utakayekuwa ndani ukuta ukianza kusogea. Ufa mwembamba katika lipu pekee si jambo kubwa. Ufa wa mshazari unaotoka pembe ya dirisha na kupenya tofali hadi upande wa pili unaonyesha kwamba ukuta umesukumwa. Ufa unaopanuka kadiri unavyopanda, linta (boriti iliyo juu ya mlango au dirisha) iliyoshuka, ukuta ambao timazi, yaani uzi wenye uzito chini, inauonyesha umetoka nje, na boriti iliyochomoka katika mkao wake vyote ni sababu za kutoka na kumwita mwenye ujuzi.

Kuna njia ya zamani ya kujua kama ukuta bado unatembea, nayo haihitaji chombo chochote. Bandika donge jembamba la jasi juu ya ufa, likishika pande zote mbili, uandike tarehe juu yake kwa penseli. Likikatika baada ya siku chache, ukuta haujatulia, na kupiga lipu juu yake ni kuficha ugonjwa. Nyumba iliyoungua ina dalili zake pia: zege lililopata joto la kama nyuzi 300 za selsiasi na kuendelea huweza kugeuka rangi na kuelekea uwaridi, na rangi hiyo humwambia mhandisi kwamba nguvu yake imepungua hata kama umbo lake halijaharibika.

Halafu yapo mabati ya asbestosi, yaani yale mapana yenye mawimbi, ya kijivu, mazito na yenye kuvunjika kama kigae, ambayo yaliezekwa kwa wingi katika nchi nyingi karne iliyopita. Yakiwa mazima hayana madhara makubwa. Yakivunjwa na mlipuko, au na nyundo yako, hutoa nyuzi zisizoonekana ambazo huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Yasikatwe kwa msumeno wala kutupwa chini kutoka juu. Hulowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo, huondolewa moja moja kwa kufungua skrubu, huteremshwa kwa mkono na kufungwa katika nailoni nene mara mbili, kisha hupelekwa mahali palipotengwa. Barakoa ya hospitali haifai kwa kazi hii. Inahitajika ile ya daraja la FFP3 au zaidi, nayo haishiki vizuri juu ya ndevu. Nimewahi kuona kijana mwenye ndevu nzuri akinyoa siku ya pili ya kazi kwa hiari yake, baada ya kujitazama kwenye kioo na kuona mstari wa vumbi uliopita pembeni mwa barakoa hadi puani.

Paa kwanza, kisha dirisha

Maji yakiingia kwa msimu mmoja huharibu kile ambacho kombora lilikiacha. Kwa hiyo kazi huanza juu. Iwapo mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa, ni nzima, badilisha papi (mbao zinazoshikilia bati) zilizovunjika na urudishie bati au vigae. Iwapo vifaa havijafika, funika kwa turubai. Yale ya misaada mara nyingi huwa ya mita 4 kwa 5 au 4 kwa 6, nayo hudumu iwapo hayapigwi na upepo. Pitisha turubai juu ya mgongo wa paa hadi upande wa pili, ulibane kwa fito ndefu zilizogongomelewa juu yake, kwani msumari uliopigwa moja kwa moja kwenye turubai huwa mwanzo wa mpasuko. Usiezue sehemu kubwa kuliko unayoweza kuifunika kabla ya jua kuzama. Hili ni jambo ambalo kila kundi jipya hulipuuza mara moja.

Dirisha ni mahali ambapo nami nilikosea. Katika wiki yangu ya kwanza nilipima tundu la dirisha kwa futi kamba mara moja kwa upana na mara moja kwa urefu, nikaandika namba hizo kwa kujiamini, na siku fremu ilipoletwa haikuingia. Ukuta uliosukumwa na mlipuko hauna pembe nne sawa. Tundu lilikuwa pana juu na jembamba chini kwa kiasi cha kidole kimoja, na mwenye nyumba, ambaye alikuwa amekwisha kuondoa blanketi alilokuwa amelitundika pale, alilitundika tena bila kusema neno.

Tangu hapo napima hivi. Upana napima mahali 3: juu, katikati na chini. Urefu pia mahali 3. Kisha napima mishazari yote 2 kutoka pembe hadi pembe. Ikitofautiana, tundu limepinda, na tofauti hiyo inasema limepinda kiasi gani. Katika kila upande nachukua kipimo kidogo kuliko vyote, na ndani yake napunguza milimita 10 hivi kila upande kwa ajili ya kabari na povu la kuzibia. Fremu huwekwa juu ya kabari za mbao, husawazishwa kwa pima maji, hukazwa, na mwisho kabisa ndipo nafasi huzibwa. Namba huandikwa ukutani kando ya tundu lenyewe na pia kwenye daftari, kwa sababu daftari hupotea na ukuta haupotei.

Mahali ambapo kioo hakipatikani au milio ya silaha bado inasikika, dirisha la muda ni bora kuliko kusubiri. Nchini Ukraine, tangu mwaka 2022, madirisha mengi ya dharura yametengenezwa kwa kuwamba plastiki angavu kwa tabaka kadhaa kwenye fremu, zikiachwa nafasi za hewa kati ya tabaka, kwa maana hewa iliyofungiwa ndiyo inayozuia baridi. Mbao za kuzibia huzuia upepo pia, lakini huacha chumba gizani mchana kutwa, na mtu aliyekaa handakini kwa wiki kadhaa hapendi tena giza.

Tahadhari moja huzaliwa na kazi nzuri: chumba kilichozibwa barabara, chenye jiko la kuni au makaa ndani, huweza kumuua mtu kwa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu. Acha tundu la hewa, kagua bomba la moshi kama halijapasuka, na jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba wala karibu na dirisha.

Kuhusu vifaa, tumia vya mahali hapo na kwa namna wanavyovitumia mafundi wa pale, kwa sababu wao ndio watakaorudi kurekebisha. Matofali ya zamani yaliyojengewa chokaa husafishika kwa kupigwa kidogo na nyundo na kutumika tena. Yaliyojengewa saruji kali mara nyingi huvunjika kabla ya saruji hiyo kuachia, hivyo jaribu machache kabla ya kuahidi rundo zima. Usipige lipu wala kumwaga zege joto likishuka chini ya nyuzi 5 hivi bila kinga, kwa kuwa saruji hukomaa polepole mno, na maji yakiganda ndani yake katika siku za mwanzo haitapata nguvu yake tena.

Nyumba ya mtu

Kabla ya nyundo ya kwanza, jua nyumba ni ya nani. Vita vya Bosnia na Herzegovina vya mwaka 1992 hadi 1995 viliwang'oa makwao watu wapatao milioni 2.2, na wengi waliporudi walikuta familia nyingine, nazo zimefukuzwa kwingine, zinaishi vyumbani mwao. Kiambatisho cha 7 cha mkataba wa amani wa Dayton kiliwapa waliokimbia haki ya kurudishiwa nyumba zao, na utekelezaji wake ulichukua miaka. Ukikarabati nyumba ambayo hati yake ina mgogoro, huenda ukawa umemsaidia mtu kumnyang'anya mwenzake pasipo kujua. Mwachie shirika na mamlaka wahakikishe hati, nawe usiahidi chochote kwa jirani anayekuuliza lini zamu yake itafika. Mwelekeze kwa anayeshika orodha, kwa upole na kwa jina.

Ukishaingia, mwenye nyumba ndiye msimamizi wako, hata kama ana miaka 80 na hawezi kushika msumari. Muulize kipi kianze. Jibu lake mara nyingi si lile ambalo fundi angelitoa: anaweza kutaka mlango wa choo kabla ya dirisha la sebule, na ukikaa kidogo utagundua sababu. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, mlango wenye upana wa sentimita 80 hadi 90 na mteremko usiozidi sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za urefu vina thamani kuliko rangi mpya ya ukuta. Usitupe kitu chochote bila kuuliza. Katika kifusi, kipande cha sahani au kiatu kimoja cha mtoto huweza kuwa ndicho alichokuwa anakitafuta, hivyo weka sanduku pembeni kwa vitu vya namna hiyo na umkabidhi kila jioni.

Usimhoji kuhusu yaliyompata. Akitaka kusimulia, weka mwiko chini usikilize. Asipotaka, endelea na kazi. Picha zake, za watoto wake na za nyumba yake ni zake, na ruhusa anayoitoa mtu ambaye unamwezekea paa si ruhusa huru sana. Mimi naona ni afadhali kutopiga kabisa hadi kazi iishe, kisha kumwomba akiwa tayari ana mlango anaoweza kukufungia.

Siku ya makabidhiano, zungukeni nyumba pamoja. Mwagieni paa maji huku mtu mmoja akiwa darini na tochi. Mwenye nyumba afungue na kufunga kila dirisha na kila kitasa kwa mkono wake mwenyewe, na panapokwama rekebisheni palepale. Mwachie skrubu na kabari zilizobaki, karatasi yenye vipimo vya madirisha, jina la fundi mwenyeji aliyefanya kazi nanyi, na funguo zote, hata ile ya akiba ambayo kundi lenu lilikuwa likiitumia asubuhi.